Bunduki ya Upepo na Nyumba Tatu

Tangu mwaka jana wanaklabu wengi wanatuuliza swali moja: "Ni kweli mmenunua bunduki?" Tukijibu ndiyo, watu wanashtuka. Tukijibu hapana, tunakuwa waongo. Tukisema "ndiyo, lakini ni ya upepo," wengine wanacheka na wengine wanaondoka bila kuaga. Jibu letu limekuwa refu kuliko swali, kwa hiyo tumeomba nafasi hapa tulieleze mara moja.

Sisi ni watatu. Mmoja kwao ni Louisville, Kentucky. Wa pili kwao ni Columbus, Ohio. Wa tatu kwao ni Buffalo, New York. Wazazi wetu walitoka Uvira, Mombasa na Bujumbura. Tulikutana katika darasa la Kiswahili, lile la wanafunzi wanaoelewa kila neno mama analosema kwenye simu, lakini wakiandika insha mwalimu anashika kichwa. Humu tutaitana kwa majina ya miji yetu, kwa sababu wazazi wetu wanalisoma jarida hili na si wote waliokubali kutajwa.

Jinsi tulivyoanza

Kosa, kama ni kosa, lilianza kwa Louisville. Mwezi wa Julai 2021, akiwa bado sekondari, aliona kwenye televisheni Will Shaner wa Chuo Kikuu cha Kentucky akishinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo katika shindano la bunduki ya hewa, mita 10. Chuo hicho kipo Lexington, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwao. Timu yake ya shabaha ilikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka huo wa 2021, na ikawa bingwa tena 2022. Katika timu za vyuo wasichana na wavulana hulenga pamoja, na alama zao hujumlishwa. Louisville alikuwa anaufahamu mpira wa kikapu tu, kama kila mtu wa Kentucky. Hakujua kwamba kuna mchezo ambao anayeshinda ni yule aliyetulia kuliko wote.

Tulipokuwa mwaka wa kwanza, klabu ya shabaha ya chuo chetu iliweka siku ya wageni. Tulikwenda wote watatu kwa sababu tangazo lilisema kutakuwa na piza. Tukaonyeshwa karatasi ya shabaha. Ile nukta ya katikati yenye alama 10 ina upana wa nusu milimita. Risasi yenyewe ina upana wa milimita 4.5. Unasimama mita 10 kutoka hapo, bila kuegemea kitu, unavuta pumzi, unaitoa nusu, unasubiri. Buffalo alipiga ukingo wa karatasi. Columbus alipiga karatasi ya jirani yake. Lakini kwa dakika ishirini hakuna hata mmoja wetu aliyegusa simu, wala aliyefikiria mtihani, wala deni la ada. Tulitoka pale tumenyamaza kama watu waliotoka kuswali.

Miezi miwili baadaye mwanafunzi wa mwaka wa nne alikuwa anauza yake, iliyotumika, pamoja na pampu ya mkono na sanduku. Haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ya kawaida, ya risasi za milimita 5.5. Bei dola 360. Tukachanga 120 kila mmoja. Hakuna fomu tuliyojaza wala swali tuliloulizwa.

Shida ikaja usiku ule ule. Kanuni za bweni letu zinakataza bunduki za aina yoyote, hata za hewa. Kumbe tulikuwa tumenunua kitu ambacho hatuna pa kukiweka. Ilibidi nyumba moja kati ya zile tatu ikubali kukipokea.

Hewa au upepo?

Kabla hatujaingia nyumba ya kwanza, tueleze kitu chenyewe.

Bunduki ya baruti hurusha risasi kwa mlipuko. Bunduki nyingi za watoto za hewa zina springi: unaivunja katikati, springi inajikunja, ukifyatua inasukuma hewa. Yetu ni ya aina nyingine. Chini ya mtutu ina mtungi mwembamba wa chuma, na hewa inajazwa humo kabla hujaanza kulenga. Ukivuta kifyatulio, nyundo ndogo ndani inaigonga vali. Vali inafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, hewa kidogo inatoka, inaisukuma risasi, kisha vali inajifunga yenyewe kwa nguvu ya hewa iliyobaki. Hakuna springi ya kuruka, kwa hiyo bunduki haitikisiki begani. Ukijaza mara moja unapiga risasi kama 25, halafu geji inakuambia inatosha.

Presha inapimwa kwa baa. (Baba wa Columbus aliposikia tunahitaji "baa 200" alituuliza kama chuoni tunasoma kweli.) Baa 200 ni nyingi. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Kwa hiyo mtungi wetu, usiozidi unene wa mche wa muwa, unabeba presha mara 90 hivi ya tairi. Matajiri wanajaza kwa kompresa au kwa mitungi ya wazamiaji. Sisi tunajaza kwa pampu ya mkono, inayofanana na ya baiskeli lakini ngumu kama adhabu. Kutoka baa 100 hadi 200 tunapiga zaidi ya mara 100, kwa zamu, huku tunapumzika ili pampu ipoe.

Risasi zake zimebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Na hapa Kiswahili kinasema ukweli kuliko lugha nyingine: neno risasi ni jina la kile kinachopigwa, na pia ni jina la madini yenyewe. Risasi ni sumu. Ukimaliza kulenga unaosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Hilo halina mjadala.

Mjadala tulionao ni wa jina. Columbus, mtu wa pwani, anasema ni bunduki ya hewa. Louisville na Buffalo wanasema ya upepo, kwa kuwa ndivyo tunavyosema kwetu hata kwa baiskeli: unatia upepo. Tulipompelekea mwalimu, alifikiri kidogo akasema hewa ikitembea ndiyo upepo. Basi tukakubaliana: ikiwa ndani ya mtungi ni hewa, ikitoka ni upepo. Wote tulishinda, na wote tukaendelea kusema, "Ni upepo tu."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyotuponza.

Nyumba ya kwanza: Louisville

Mama wa Louisville aliondoka Uvira mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na miwili, vita vilipofika mjini. Walivuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, wakaishia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Hasimulii sana. Tunachojua ni kwamba mpaka leo tarehe 4 Julai, Wamarekani wanapopiga fataki, yeye anawasha televisheni kwa sauti kubwa na kukaa jikoni.

Tulifika kwake wakati wa likizo ya masika, sanduku likiwa ndani ya buti ya gari. Tulikula kwanza. Sombe, ugali, samaki. Kisha kijana wake akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi njia nzima: kwamba ni mchezo wa Olimpiki tangu 1984, kwamba haina baruti, kwamba hata sheria ya Marekani haiihesabu kuwa bunduki.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Iko na mtutu?"

"Ndiyo, mama."

"Iko na kitako? Munaikamata hivi?" Akaonyesha kwa mikono, na akaonyesha sawasawa.

"Ndiyo, mama. Lakini ni upepo tu."

"Basi ni bunduki. Mutaiweka fasi ingine. Mu nyumba yangu hapana."

Hakupandisha sauti. Alianza kutoa sahani. Sisi tulitoka nje tukaendesha gari mpaka mjini, kwa sababu hatukuwa na la kufanya, na sanduku lilikuwa bado ndani ya buti.

Kando ya mto Ohio, kwenye uwanja wa Belvedere, kuna sanamu ya mtu mweusi anayeitwa York. Ni kazi ya Ed Hamilton, mchongaji wa hapo hapo Louisville, na iliwekwa mwaka 2003. Tulisoma habari zake tukiwa tumesimama pale, na nyingine tulizitafuta usiku. York alikuwa mtumwa wa William Clark. Mwezi wa Oktoba 1803 Meriwether Lewis alifika hapa kwa mashua akitoka Pittsburgh, akakutana na Clark kwenye maporomoko ya mto, na safari yao maarufu ya kwenda bahari ya Pasifiki ikaendelea wakiwa pamoja. York alikwenda nao. Njiani alibeba bunduki na kuwinda kama wenzake.

Na katika mashua ile ya Lewis kulikuwa na nini? Bunduki ya upepo. Wataalamu wengi wanaamini ilikuwa ya muundo wa Girardoni, ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia karibu na mwaka 1780. Kitako chake kilikuwa ndicho mtungi, na kukijaza kulihitaji kupiga pampu kama mara 1500. Tulipoliona hilo tuliacha kulalamika kuhusu pampu yetu.

Lakini kuna habari nyingine iliyotunyamazisha. Iko mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu za safari alizoandika Lewis, mwishoni mwa Agosti 1803. Alikuwa ametoka tu Pittsburgh. Aliposimama kwenye kisiwa kimoja watu walimwomba awaonyeshe ile bunduki. Akapiga mara saba, vizuri tu. Kisha akampa mtu mwingine aishike, mtu asiyeijua, na ikafyatuka. Risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi kama 40 na kumchana kwenye paji, karibu na sikio. Akaanguka, damu ikamwagika, wote wakadhani amekufa. Baada ya dakika moja akazinduka.

Ilikuwa upepo tu.

Kuhusu York, waliporudi mwaka 1806 wenzake walilipwa fedha na ardhi. Yeye hakupata kitu. Aliomba uhuru wake na Clark akamkatalia kwa miaka. Porini bunduki ilikuwa halali begani mwake kwa sababu walimhitaji. Mjini alirudi kuwa mali ya mtu. Tulirudi kwa mama kimya, tukalala, na asubuhi tukaondoka na sanduku letu.

Nyumba ya pili: Columbus

Baba wa Columbus ni dereva wa lori. Mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, mwenye mizaha. Tulitegemea atakubali. Alituandalia chai ya maziwa yeye mwenyewe, akalifungua sanduku mezani, akaitazama bunduki muda mrefu bila kuigusa. Kisha akalifunga.

"Nisikizeni wanangu," akasema. Mizaha ilikuwa imekwisha.

Akatutajia majina manne. Tuliyajua baadhi, lakini hatukuwa tumeyaweka pamoja.

John Crawford III, miaka 22. Tarehe 5 Agosti 2014, Beavercreek, karibu na Dayton, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Columbus. Alichukua bunduki ya hewa iliyokuwa rafuni ndani ya duka, bidhaa ya duka lenyewe, akawa anatembea nayo huku anaongea na simu. Mteja mmoja akapiga 911. Polisi wakaja, wakampiga risasi akafa.

Tamir Rice, miaka 12. Cleveland, Novemba 2014. Alikuwa na bastola ya kuchezea bustanini.

Tyre King, miaka 13. Hapo hapo Columbus, Septemba 2016. Alikuwa na bunduki ya gololi.

Nyah Mway, miaka 13. Utica, New York, Juni 2024. Mtoto wa wakimbizi Wakareni kutoka Myanmar. Kitu alichokuwa nacho kilikuwa bastola ya hewa iliyofanana na ya kweli.

"Kila habari ina mambo yake," Baba akasema. "Mmoja alikuwa dukani, mwingine akikimbia, sichanganyi. Lakini hivyo vinne vyote havikuwa na baruti. Nyinyi mwaiona ya upepo kwa sababu mwaijua. Asiyeijua aona bunduki, kisha amuona aliyeishika."

Mmoja wetu akajaribu ile hotuba ya sheria. Ni kweli, na tuieleze hapa kwa sababu wengi huuliza. Sheria ya silaha ya serikali kuu, ya mwaka 1968, inasema bunduki ni kile kinachorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko. Hewa iliyobanwa siyo mlipuko wa baruti, kwa hiyo bunduki ya hewa haimo. Ndiyo maana hatukujaza fomu. Lakini majimbo yana sheria zao. New Jersey inaihesabu kuwa silaha kama nyingine. Katika jimbo la New York kijana wa chini ya miaka 16 hawezi kuwa nayo hivi hivi, na Jiji la New York lenyewe haliruhusu mtu wa kawaida kuwa nayo kabisa. Miji mingi inakataza kuifyatua ndani ya mipaka yake, hata uani kwako. Waingereza nao wana yao: nguvu ikipita juli 16 hivi, unahitaji kibali.

Baba alisikiliza. "Sheria yajua si bunduki," akasema. "Je, aliye dirishani ng'ambo ya pili ya barabara ajua?"

Hakukataa kuiweka kwa sababu ya chuki. Alikataa kwa sababu kuna wadogo watatu nyumbani, wa miaka kumi na mmoja, tisa na saba, na alisema hakuna kufuli ambalo mtoto wa miaka kumi na mmoja hajui lilipo ufunguo wake. Lakini alitupa masharti, akayaandika nyuma ya risiti ya mafuta, na risiti hiyo mpaka leo ipo ndani ya sanduku:

Haitoki sandukuni ila mahali pa kulengea. Si uani, si maegesho, si kumwonyesha rafiki dakika moja.

Haibebwi na mtu mmoja. Muwe wawili au zaidi, na mwenye shamba awe anajua mko wapi.

Haipigwi picha ya kuweka mtandaoni.

Akija mtu yeyote, askari au raia, ishushe chini kwanza. Usigeuke nayo. Usianze kueleza kwamba ni ya upepo huku umeishika. Chini kwanza, mikono wazi, maneno baadaye.

Tulitaka kusema kwamba vijana wengine wanalenga makopo nyuma ya nyumba zao bila masharti yoyote. Hatukusema. Yeye alilijua hilo kabla yetu.

Nyumba ya tatu: Buffalo

Mjomba wa Buffalo alikuwa fundi wa baiskeli Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili chake ndicho alichomlea nacho mpwa wake. Sasa anafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Haishi na watoto. Ana chumba cha chini chenye mlango wa chuma alioutengeneza mwenyewe. Tulipomweleza habari yote, ya Louisville na ya Columbus, hakuuliza kuhusu bunduki. Aliuliza: "Pampu iko wapi?"

Akaipiga mara tatu, akasikiliza, akasema inavuja.

Na kweli ilikuwa inavuja. Sisi tulidhani uchovu ni wetu. Aliifungua yote juu ya gazeti, akapanga vipande kwa mstari kama daktari, akatuonyesha oringi moja iliyopasuka nyembamba kama unywele. Oringi mpya ilipatikana. Kisha akanyoosha mkono kuchukua grisi ya baiskeli, na hapo kwa mara ya kwanza sisi ndio tuliomfundisha yeye kitu. Grisi au mafuta ya kawaida hayaruhusiwi ndani ya pampu hii. Hewa ikibanwa kwa presha kubwa inapata moto, na mafuta yanaweza kuwaka humo ndani. Inatumika grisi ya silikoni tu. Akashangaa, akairudisha. Akauliza tena: kazini kuna mitungi ya oksijeni yenye presha ya kutosha, kwa nini tusijaze kwa huo na kuacha kutoa jasho? Hapana, Mjomba, hasa huo. Oksijeni tupu ikikutana na grisi kidogo tu chini ya presha kubwa, mtungi unaweza kulipuka mikononi. Hewa ya kawaida, kavu, basi.

"Kumbe upepo nao una hasira," akasema.

Tulianza kulenga Novemba, kwenye uwanja wa klabu moja kusini ya mji. Wazee wa pale walitupokea vizuri. Mmoja alitueleza kwamba kampuni ya Crosman, inayojulikana Marekani nzima kwa bunduki za hewa, kwa miaka mingi ilikuwa na makao East Bloomfield, mwendo wa saa moja na nusu hivi mashariki ya Buffalo, na kwamba yeye alipewa yake ya kwanza akiwa na miaka tisa na baba yake. Tulijiangalia. Kila mmoja wetu alikuwa anawaza ile risiti ya mafuta.

Desemba theluji ya ziwa Erie ilipoanza, tuliacha bunduki kwenye buti usiku mmoja tukiwa safarini. Asubuhi geji ilikuwa imeshuka kutoka 200 hadi 180. Tulimpigia Mjomba tukiwa na hofu ya oringi nyingine. Akacheka. "Tairi la gari asubuhi ya baridi linakuwaje? Ingizeni ndani ipate joto." Tukaiingiza kwake, na jioni ilikuwa karibu 200 tena. Hewa haikutoka, ilisinyaa tu. Katika mwaka mzima wa fizikia hakuna somo lililotuingia kama hilo.

Basi sanduku likapata nyumba. Ufunguo mmoja anao Mjomba, mwingine anao Buffalo. Mjomba mwenyewe hajawahi kuipiga. Anasema yeye ni mtu wa pampu.

Kama unataka kuanza

Ushauri wetu ni mfupi. Usinunue kwanza. Nenda klabu ya chuo, ushike ya wenzako kwa muhula mmoja. Soma sheria ya jimbo lako na ya mji wako, zote mbili. Uliza itakaa wapi kabla ya kuuliza bei. Vaa miwani ya kinga. Osha mikono. Ione kuwa imejaa hata ukijua ni tupu. Na waambie wazazi mapema, kwa lugha yao, kisha nyamaza usikilize watakachosema. Sisi tulikwenda na hotuba, wao walikuwa na historia.

Tundu la kumi

Julai iliyopita tulisafiri na sanduku kutoka Buffalo kupitia Columbus mpaka Louisville. Babu na bibi wa mwanafunzi mwenzetu wana shamba Indiana, ng'ambo ya mto, na walituruhusu kulenga kwenye mteremko wa udongo nyuma ya ghala. Mama wa Louisville alijua. Asubuhi alituona tukifunga chakula, akachukua mkoba wake akasema, "Na mimi nitaenda." Hatukuuliza kwa nini.

Alikaa ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Tuliweka karatasi juu ya boksi mbele ya mteremko, mita 25. Kijana wake akapiga kumi, polepole. Sauti yake si kubwa, ni kama mtu anayepiga kofi moja kwenye mto wa kulalia. Alipomaliza na kuilaza bunduki chini, tukasikia mlango wa gari.

Mama alikuja mpaka kwenye boksi, akaichomoa karatasi, akaiinua kwenye jua. Tulifikiri atasifu. Nyingi zilikuwa karibu na katikati.

"Ulipiga ngapi?"

"Kumi, mama."

Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. "Hapa naona tisa. Ile moja ilienda wapi?"

"Labda mbili zilipita tundu moja, mama. Inatokeaga."

"Labda," akasema. Hakuondoka. Alisimama na karatasi mkononi akingoja, kama mtu anayejua kwamba "labda" siyo mahali.

Tukaenda kwenye mteremko. Tulitafuta kwa magoti, watatu, kama dakika kumi na tano. Columbus ndiye aliyeona tundu dogo bichi kwenye udongo, shibiri moja kushoto ya mahali karatasi ilipokuwa. Buffalo akalichimba kwa ufunguo wa gari. Ilikuwa imeingia kina cha kidole, imebonyea, ile kiuno cha nyigu imekwisha.

Kijana wake akampelekea. Mama aliiweka kiganjani, akaiangalia, akaipima uzito. Kisha akamrudishia.

"Sawa. Muoshe mikono, chakula kinapoa."

Sanduku bado linakaa Buffalo, na nyumbani kwake halijaingia. Hatujamwomba tena. Lakini tangu siku ile, zikitoka kumi tunatafuta tundu kumi, na hatufungi sanduku kabla ya kuyapata yote.